Peptidi Zuizi, Protini Nzima au Seli Zisizo na Jeni? Kuchagua Kipimo cha Kingamwili za PDI

Tuseme umenunua kingamwili ya sungura dhidi ya PDI, kile kimeng'enya kinachofunga na kupanga upya vifungo vya salfa wakati protini inajikunja. Umeendesha westani bloti, kipimo kinachopanga protini kwa ukubwa kisha kuzionyesha kwa kingamwili, na kwenye utando zimetokea bendi tatu: moja nene karibu na kilodaltoni 57 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ya pili kwenye 78, ya tatu juu kidogo ya 90. Unachukua peptidi zuizi uliyouziwa pamoja na kingamwili, yaani kipande kifupi cha protini kilekile alichochanjwa sungura, unazichanganya, unarudia bloti. Bendi zote tatu hazipo. Utando mweupe pe. Mwenzako anachungulia begani kwako na kusema, "Hii kingamwili safi kabisa."

Si safi. Bendi ya 78 ni BiP, na ile ya juu ni GRP94, protini nyingine mbili zinazosaidia kukunja protini. Hazifanani na PDI ila kwenye mkia: zote tatu humalizikia herufi KDEL (kila herufi ni amino asidi moja), anwani inayozirudisha kwenye retikulamu ya endoplazimu, karakana ya seli ya kukunjia protini, kila zinapotoroka. PDI ya binadamu huishia DDDQKAVKDEL, BiP huishia TAEKDEL, GRP94 pia TAEKDEL. Sungura alichanjwa kipande cha mkia wa PDI, na sehemu ya kingamwili alizotengeneza ikashika KDEL yenyewe. Ulipotia peptidi uliziba midomo ya kingamwili hizo zote, zenye haki na zisizo na haki, kwa hiyo hakuna iliyobaki na nafasi ya kushika kitu.

Ukielewa picha hiyo, umeelewa kinachouzwa. Peptidi zuizi hujibu swali moja tu: je, alama hii inatoka kwenye mdomo wa kingamwili unaotambua kipande hiki? Haijibu kama kilichoshikwa kwenye utando ni PDI. Ikibaki bendi baada ya kuziba, na peptidi yenyewe inaziba kweli, umejifunza kitu cha uhakika: bendi hiyo ni uchafu, pengine imeletwa na kingamwili ya pili, ile yenye alama inayoshika kingamwili ya kwanza. Ikipotea, umejifunza kidogo kuliko unavyodhani.

Jambo moja la lugha kwanza, maana nimeona watu wakiagiza kitu kisicho chao. Peptidi zuizi haizuii kimeng'enya. Inazuia kingamwili. Anayetaka kusimamisha kazi ya PDI ndani ya seli anatafuta kizuizi cha kimeng'enya, kama basitrasini, ambayo nayo kwa bahati mbaya ni peptidi, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Kwenye orodha za wauzaji vitu hivi viwili hukaa kurasa jirani.

Ukoo wenye sura moja

Kwa vimeng'enya vingi swali la "ni yeye au ni ndugu yake?" halina uzito mkubwa. Kwa ukoo wa PDI ndilo swali lenyewe. Binadamu ana protini zaidi ya 20 za ukoo huu, na majina yake yamepishana kwa miaka mingi. PDI ndiyo PDIA1, ndiyo P4HB, kwa sababu protini hiyohiyo ni nusu ya kimeng'enya kingine kinachotengeneza kolajeni. Ndugu yake ERp57 ndiyo PDIA3, ndiyo GRP58, na kuna wakati ilidhaniwa ni fosfolipesi. Ukiagiza peptidi, usitazame jina. Tazama namba ya UniProt, hifadhidata ya protini. P07237 ni PDI ya binadamu, P30101 ni ERp57.

Sasa tazama ukubwa. PDI ina amino asidi 508 ikiwa na kipande chake cha mwanzo kinachokatwa baadaye, na ERp57 ina 505. Kwenye jeli ya kawaida zinakaa mahali pamoja. Bendi moja safi kwenye 57 inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, au zote. Kisha tazama kiini cha kazi: WCGHC, mara mbili kwenye PDI, mara mbili kwenye ERp57, mara tatu kwenye ERp72, na imo pia kwenye P5. Anayechanja sungura kwa kipande cha kiini hicho amechanja dhidi ya ukoo mzima, na peptidi yake zuizi itafuta ukoo mzima bila kulalamika.

Hii si hofu ya vitabuni. Mwaka 2012 watafiti wa chembe sahani za damu waliripoti kwamba kingamwili ya monokloni (ya aina moja tu, inayoshika mahali pamoja) iliyokuwa ikitumiwa sana kuzuia PDI ilizuia pia kazi ya ERp57. Hitimisho lolote la nyuma lililosema "tumezuia PDI, damu haikuganda" likalazimika kuulizwa upya.

Peptidi: bei ndogo, hesabu nzuri, jibu nusu

Mwaka 1963 maabara ya Christian Anfinsen ilieleza kimeng'enya hiki nchini Marekani, na mwaka huohuo Bruce Merrifield akachapisha njia ya kuunganisha peptidi juu ya punje za plastiki, amino asidi moja baada ya nyingine. Wote wawili walipata Nobeli ya kemia, mmoja 1972 na mwingine 1984. Njia ya Merrifield ndiyo inayofanya peptidi ya amino asidi 15 iwe kitu cha kuagizwa leo kama unavyoagiza vitabu.

Nguvu ya peptidi iko kwenye hesabu ya molekuli. IgG, aina ya kawaida ya kingamwili, ina uzito wa kilodaltoni 150 na mikono miwili ya kushikia. Mikrogramu 1 ya kingamwili ni kama pikomoli 6.7, yaani pikomoli 13.3 za mikono. Peptidi ya amino asidi 15 ina uzito wa takriban daltoni 1,650. Mikrogramu 5 zake ni pikomoli 3,000 na ushei. Kila mkono unapata peptidi zaidi ya 220. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida wa uzito mara tano, dakika 30 kwenye joto la chumba au usiku mzima kwenye nyuzi 4, hutosha.

Faida nyingine ni usafiri. Peptidi huja ikiwa unga mkavu, haihitaji barafu kavu, na ikikaa siku kadhaa ikisubiri karatasi za forodha haiharibiki kirahisi. Kwa sisi tunaojua mzigo wa baridi unavyoweza kufika ukiwa vuguvugu, hilo si dogo. Ila tahadhari: mikrogramu 100 za unga hazionekani. Mtu hufungua tyubu, akaona hakuna kitu, akaandika barua kali kwa muuzaji, kumbe peptidi ilikuwa imeganda kwenye kifuniko na yeye ndiye aliyeimwaga. Zungusha kwenye sentrifyuji kabla ya kufungua. Ukishaiyeyusha, igawe kidogokidogo na uhifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoiua.

Kuna mambo mawili ambayo fomu ya kuagiza haikuelezi. La kwanza ni mwisho wa peptidi. Watengenezaji wengi huziba ncha ya mwisho kwa amidi ili ifanane na kipande cha katikati ya protini. Kwa kipande cha katikati, sawa. Kwa mkia wa PDI, hapana: KDEL iko mwishoni kabisa mwa protini, ncha yake iko wazi, na kingamwili nyingi za mkia hushika ncha hiyo ilivyo. Ukiipokea peptidi yenye ncha iliyozibwa inaweza isizuie chochote, nawe ukadhani kingamwili ndiyo mbovu. Andika kwenye fomu kwamba ncha ibaki wazi. La pili ni sisteini. Peptidi ya kiini cha kazi ina sisteini mbili, na ikikaa kwenye maji sisteini hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe. Usikimbilie kumwaga DTT, kemikali inayofungua vifungo vya salfa, kwa sababu vifungo vinavyoshikilia kingamwili yenyewe ni vya aina hiyohiyo. Kwa maoni yangu peptidi ya kiini ni ya kuepukwa tu.

Usafi wa asilimia 95 ni wa majaribio ya seli hai. Kwa kuziba, asilimia 80 inatosha, na pesa uliyookoa nunua peptidi ya pili. Wengi hununua ile iliyovurugwa mpangilio, herufi zilezile zikiwa zimechanganywa, ili kuonyesha kwamba si kila peptidi inafuta bendi. Ni nzuri, lakini kwa ukoo huu naona peptidi ya jirani ina faida zaidi. Rudi kwenye bendi zetu tatu. Agiza mkia wa BiP, TAEKDEL, uutumie kama kizuizi dhidi ya kingamwili yako ya PDI. Ukifuta 78 na 90 lakini ukaacha 57 karibu ilivyokuwa, basi kingamwili yako ina kundi kubwa linaloshika DDDQKAV, ambayo ni ya PDI, na unaweza kuitumia pamoja na mkia wa BiP kila mara ili kunyamazisha makelele. Ukifuta na 57 pia, umenunua kingamwili ya KDEL iliyovaa jina la PDI. Mkia wa ERp57 huishia QEDL, kwa hiyo haumo kwenye ugomvi huu, lakini ugomvi wa kipande cha katikati ni mwingine na unahitaji jirani mwingine. BLAST ya dakika tano, yaani kutafuta kwa kompyuta protini zenye mpangilio unaofanana, itakuonyesha nani wa kumwita.

Protini nzima

Hapa nitapita haraka, kwa sababu nafasi yake ni finyu. Kingamwili nyingi za monokloni zilitengenezwa kwa kuchanja protini nzima, na epitopu yake, yaani mahali inaposhika, inaweza kuwa umbo, vipande viwili vilivyo mbali kwenye mnyororo lakini vimekutana protini ilipojikunja. Peptidi haina umbo hilo, kwa hiyo haitaziba. Kwa kingamwili kama hizo kinachobaki ni PDI nzima iliyotengenezwa kwenye bakteria.

Hesabu inageuka. Protini ya kilodaltoni 55, mikrogramu 5, ni pikomoli 91 tu: kila mkono unapata karibu molekuli 7, si 220. Utatumia nyingi, na ni ghali. Kisha PDI ni protini inayopenda kushika protini zilizokunjuka. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiimwagia kwenye utando uliojaa protini zilizokunjuliwa kwa SDS, sabuni ya jeli, usishangae ikinata huko na kubeba kingamwili mgongoni. Badala ya kufuta alama, umeongeza ukungu. Na kama kingamwili ni ya polikloni, yaani mchanganyiko wa nyingi, na sungura alichanjwa protini kutoka bakteria haohao, uchafu wa bakteria uliomo kwenye kizuizi chako utafuta bendi za uchafu pia, ukikupa usafi wa uongo.

Kuondoa protini kwenye sampuli

Njia zote mbili zilizopita zinacheza na kingamwili. Njia hizi zinacheza na sampuli, na tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ukiondoa PDI kwenye seli na bendi ikabaki, bendi hiyo si PDI, hata muuzaji aapeje.

Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa cha wataalamu kilipendekeza nguzo tano za kuthibitisha kingamwili: kuondoa au kupunguza jeni, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili ya pili iliyo huru, kuweka lebo kwenye protini, na kunasa protini kisha kuitambua kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Peptidi zuizi haimo. Mwaka 2023 kundi lenye makao Montreal lilichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 za protini 65 kwa kutumia seli zisizo na jeni husika. Kwa wastani, kwa kila protini kulikuwa na makala kama 12 zilizochapishwa zikitumia kingamwili isiyotambua protini iliyodaiwa. Sina shaka baadhi yake zilikuwa na picha nzuri ya peptidi zuizi.

siRNA, kipande kifupi cha RNA kinachozima jeni kwa muda, ndiyo njia ya mfuko mdogo kama tayari unakuza seli. Lakini PDI ni protini nyingi mno kwenye seli na haiondoki upesi: unasubiri saa 48 hadi 72, na bado inabaki kiasi. Unachotafuta ni kupungua kwa bendi, si kutoweka, na siRNA mbili za mpangilio tofauti zikupe jibu moja. Bendi ya 57 ikishuka robo tu, hujui kama siRNA imelegea au robo tatu iliyobaki ni ERp57. Hapo tia siRNA ya ERp57 kwenye kisima kingine, uone bendi hiyohiyo inafanya nini. Jaribio hilo la ziada lina thamani kuliko peptidi tatu.

Seli zilizofutwa jeni kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA, hukupa jibu la ndiyo au hapana. Kuna wanaosita wakisikia kwamba panya asiye na PDIA3 hufa akiwa bado tumboni. Kiumbe mzima na seli kwenye chombo ni vitu viwili; seli zisizo na ERp57 zimekuzwa na kutumiwa kwa miaka. BiP ni hadithi tofauti, seli haiishi bila yake, kwa hiyo kwa BiP usipoteze muda kutafuta na tumia siRNA. Kwa vimeng'enya vya kukunja vilivyo nje ya ukoo huu mambo ni mepesi zaidi: panya asiye na Pin1 huishi, asiye na saiklofilini A pia.

Kama shida yako ni westani tu, huhitaji hata kukuza seli. Nunua lisati, yaani supu ya seli zilizokwisha pasuliwa, jozi moja: zenye jeni na zisizo nayo. Kwa darubini utahitaji seli hai, na hapo kuna ujanja mzuri: panda seli zenye jeni na zisizo nayo kwenye kioo kimoja, kila kundi likiwa na rangi yake ya kulitambulisha, uzipige picha pamoja. Ukiona zote zinang'aa sawasawa, umemaliza mazungumzo.

Pale peptidi inaposhinda

Baada ya kuisema hivyo peptidi, haki yake nayo itolewe. Kuna mahali seli zisizo na jeni hazikusaidii kitu.

Kwanza, tishu ya mgonjwa iliyohifadhiwa kwenye parafini. Huwezi kufuta jeni kwenye kipande cha ini kilichokatwa miaka kumi iliyopita. Unathibitisha kingamwili kwenye seli zisizo na jeni, kisha kwenye tishu yenyewe unaweka vipande viwili vinavyofuatana, kimoja na kingamwili iliyozibwa, ili ujue ni rangi ipi inatokana na mdomo wa kingamwili na ipi ni tishu inayojinatia yenyewe. Hapo peptidi inafanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya.

Pili, kunasa protini kutoka kwenye lisati. Mnyororo mzito wa IgG unakaa kati ya 50 na 55, mlangoni mwa PDI. Bendi ikibaki pale baada ya kuziba, kabla hujailaumu kingamwili uliza kama si mnyororo huo unaong'ara. Na kwa kuwa PDI yenyewe ina mfuko unaoshika peptidi kwenye sehemu yake ya b', changanya peptidi na kingamwili kwanza, ndipo utie lisati. Usimimine vyote kwa mpigo.

Tatu, na hapa peptidi haina mpinzani: kingamwili za fosfeti. PDI hutiwa fosfeti kwenye serini ya 357 na kimeng'enya Fam20C, na fosfeti hiyo hubadilisha kazi yake wakati seli iko kwenye msongo. Kingamwili inayodai kuona serini 357 yenye fosfeti, ukiijaribu kwenye seli zisizo na PDI, itakuambia tu kwamba inaona PDI. Haitakuambia kama inaona fosfeti. Unahitaji peptidi mbili zenye mpangilio mmoja, moja ina fosfeti, nyingine haina. Ya fosfeti ifute bendi, isiyo na fosfeti iiache. Ikitokea zote mbili zinafuta, kingamwili hiyo inapima wingi wa PDI na siyo hali yake.

Kwa hiyo ningenunua hivi. Mwanafunzi wa westani ya PDI au ERp57 mwenye pesa ya kitu kimoja anunue jozi ya lisati, na kama kingamwili ilikuja na peptidi ya bure, aitumie kama ziada. Mwenye seli zake na vitendanishi vya siRNA kwenye friza aanze na siRNA za ndugu wawili. Mtu wa patholojia anunue peptidi, pamoja na ya jirani, baada ya kuhakikisha kwamba kuna mtu amekwisha ijaribu kingamwili hiyohiyo, namba ya katalogi ileile, kwenye seli zisizo na jeni. Mwenye kingamwili ya monokloni iliyochanjwa kwa protini nzima asinunue peptidi yoyote hata akishawishiwa, kwa sababu muuzaji akiulizwa epitopu iko wapi mara nyingi atajibu kwamba ni siri ya kampuni. Na anayefuatilia fosfeti anunue peptidi mbili, aandike juu ya kila kifuniko kwa kalamu isiyofutika ipi ni ipi, maana ni unga mweupe kwenye tyubu mbili zinazofanana, na zikishachanganyika hakuna jicho la kuzitenganisha.